Anza na Sauti Uliyoirekodi Mwenyewe: Ushauri kwa Anayetengeneza Muziki wa Kielektroniki Peke Yake

Kwa miaka tisa sasa ninatengeneza muziki wa kielektroniki peke yangu, katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga Buguruni, Dar es Salaam, bila mwimbaji, bila bendi na bila kampuni nyuma yangu. Vijana wanaoanza kazi hii huniandikia mara kwa mara wakitaka kujua ninatumia programu gani, kompyuta ya aina gani, na sauti zangu ninazipata wapi. Maswali mawili ya kwanza yana majibu mafupi: ninatumia FL Studio, ambayo wengi wetu bado tunaiita Fruity Loops, kwenye kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika. La tatu ndilo lenye uzito, na ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa kuwa jibu lake limebadilisha namna nzima ninavyofanya kazi. Ushauri wangu ni kwamba kabla hujafungua programu, uwe na angalau sauti moja uliyoirekodi mwenyewe, mahali unapopafahamu, na wimbo uanzie hapo.

Nilifika huku baada ya kupoteza muda mwingi. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nafungua kompyuta, nachagua ngoma katika orodha ya sauti zilizokuja na programu, naongeza besi, halafu nakaa saa tatu nikijaribu vinanda kimoja baada ya kingine. Kila nilichokimaliza kilifanana na cha mwenzangu wa Mwanza au wa Lagos, kwa sababu sote tulichota katika kisima kimoja. Kibaya zaidi, nilikuwa na sauti maelfu mbele yangu na sikuwa na sababu yoyote ya kuchagua hii na kuiacha ile. Nilidhani ninakosa kipaji, kumbe nilichokosa ni pa kuanzia.

Mabadiliko yalitokea Tanga, kwa bibi yangu. Nilikwenda kumsalimia wakati wa sikukuu, na asubuhi moja nikamkuta uani amekalia mbuzi, anakuna nazi kwa ajili ya wali. Sauti ile nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuisikiliza. Siku hiyo niliisikiliza. Mkuno wa kwanza ni mzito na wa taratibu, kwa kuwa kifuu kimejaa. Kadiri nyama inavyopungua mkono unaongeza kasi, sauti inapanda na kuwa kavu, na mwishoni meno ya mbuzi yanagusa kifuu chenyewe na kutoa mlio mwembamba kama wa kijiko kwenye kikombe. Niliweka simu juu ya kinu kilichokuwa kando yake, nikarekodi nazi mbili mfululizo.

"Mjukuu wangu, unairekodi nazi ya nini?" aliniuliza.

"Nataka niifanye ngoma, bibi."

"Haya. Basi kaa mbali kidogo, chicha zisikurukie."

Niliporudi Dar es Salaam nilikuwa na dakika nne za kukuna nazi, na kutoka humo nilikata mikuno kumi na mmoja. Kwa kila mmoja niliondoa masafa yaliyo chini ya hezi 200, ili mtikisiko wa sakafu na muungurumo wa barabara usiingie kwenye nafasi ya besi. Mikuno mifupi, ile ya mwisho wa kifuu, niliiweka mahali ambapo kwa kawaida ningeweka matoazi, nayo ikafanya kazi ya kayamba. Mmoja mrefu niliushusha oktavo mbili, ukageuka kitu kinachofanana na wimbi linalorudi baharini likikokota mchanga. Kilichonisaidia zaidi ni kwamba sikuilazimisha mikuno ikae sawasawa kwenye mistari ya mapigo ya programu. Bibi alikuwa anaongeza kasi kidogo kidogo, na ile hali ya kuongeza kasi ndiyo iliyokuwa na uhai; laiti ningeinyoosha, ningebaki na kelele tu. Wimbo huo niliumaliza kwa siku sita, na kabla ya hapo sikuwahi kumaliza wimbo kwa chini ya mwezi.

Njia hii ina ukoo mrefu, na ninapenda watu wa Afrika wajue kwamba ukoo huo umepita kwetu mapema sana. Mwaka 1944 mjini Cairo, Halim El-Dabh, Mmisri aliyekuwa bado kijana, aliazima mashine ya kurekodia kwa waya kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi wanawake katika ngoma ya zari, ambayo msomaji wa pwani ataielewa haraka nikisema ni jamaa wa ngoma zetu za kupunga pepo. Akarudi studio, akazichezea sauti zile kwa mwangwi na kwa kuondoa sehemu zake mpaka zikawa kitu kipya. Hiyo ni miaka minne kabla ya majaribio ya Mfaransa Pierre Schaeffer mjini Paris mwaka 1948, ambayo ndiyo hutajwa mara nyingi kuwa chanzo cha njia hii. Karibu yetu zaidi yuko mwanamuziki wa kielektroniki KMRU, aliyekulia Nairobi na kuhamia Berlin, mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu Joseph Kamaru aliyefariki mwaka 2018. Albamu ya KMRU iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Editions Mego mwaka 2020 imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya sauti za mahali, zilizorefushwa taratibu hadi usikilizaji wenyewe unabadilika. Ninaisikiliza ninapojiona nina haraka.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Simu ya kawaida inatosha kuanzia, mradi uchague programu ya kurekodi inayohifadhi faili bila kuzibana, na uangalie mshale wa sauti usifike kileleni. Mimi huacha nafasi ya desibeli 12 hivi, kwa sababu sauti iliyopasuka haitengenezeki tena. Adui mkubwa wa kurekodi nje ni upepo. Huku pwani hauna msimu wa kupumzika, na dawa yake ni kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara mbili na kufungwa juu ya maikrofoni. Kanga mpya ina wanga unaokwaruza, kwa hiyo itumie iliyofuliwa miaka.

Linalohitaji maneno zaidi ni ruhusa. Nimewahi kwenda soko la samaki la Feri alfajiri kurekodi mnada, kwa sababu ile namna ya dalali kupandisha bei ina mahadhi kamili, pumzi na vituo vyake. Sikuomba ruhusa. Dalali aliiona simu, akanyamaza, na watu wote wakanigeukia. Alikuwa na haki, kwani sauti yake ndiyo kazi yake. Nilimwomba radhi, nikaondoka, nikarudi siku nyingine bila simu mkononi, nikanunua samaki, tukazungumza, na mara ya tatu yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nisimame upande usio na injini za boti. Nilimpelekea wimbo ulipokamilika, kabla mtu mwingine hajausikia. Tangu hapo huo ndio utaratibu wangu kwa sauti yoyote ya mtu anayetambulika. Kuna na sauti ambazo siziingizi kabisa katika muziki wa kuchezwa, hata kama hakuna atakayenikataza: adhana, kilio cha msibani, na mtoto anayelia kwa maumivu. Najua wapo wasanii wanaofikiri tofauti. Mimi naona sauti iliyotolewa kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya marehemu haikutolewa ili mimi nipate biti.

Ukishapata sauti, jambo la pili ni mwendo, na hapa mwalimu wangu ni singeli. Muziki huu ulizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, kutoka mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye spika chakavu, na kutoka vipande vya taarabu vilivyokatwa, kurudiwarudiwa na kuongezwa kasi. Studio ya Sisso, iliyoko Mburahati, ni miongoni mwa vyumba vilivyoupa muziki huu sura yake, na mwaka 2017 kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa kazi zake, wasikilizaji wa Ulaya walianza kuuliza Mburahati ni wapi. Singeli mara nyingi huvuka midundo 200 kwa dakika, na wakati mwingine hukaribia 300. Fanya hesabu: kwenye midundo 200, pigo moja lina milisekunde 300 tu, na kwenye 300 lina 200. Mkuno wa nazi niliourekodi ulikuwa na milisekunde kama 350, maana yake ulikuwa unamwagikia pigo linalofuata na kufanya matope. Nilikuwa na hiari ya kuukata mkia, au kuuweka kila baada ya pigo moja na kuuacha umalizike kwa raha yake. Nilichagua la pili, na wimbo ukapata mwendo wa mtu anayekimbia huku anahema. Pigia hesabu urefu wa kila sauti yako kabla ya kuchagua mwendo, na utaepuka usiku mwingi wa kuhangaika na vitufe.

Taarabu nayo imenifundisha jambo ambalo programu hailisemi. Kinanda cha kwenye skrini kimegawanya oktavo katika nusutoni kumi na mbili zilizo sawa, lakini masikio ya pwani yamelelewa pia na maqamu za Kiarabu, yaani ngazi za noti, ambazo ndani yake kuna noti zinazokaa katikati ya vitufe viwili. Chukua maqamu ya rasti inayoanzia C: E yake na B yake ziko robotoni chini ya zile za kinanda, yaani senti 50, ambapo nusutoni moja ina senti 100. Kwa miezi kadhaa nilijaribu kutunga kitu chenye harufu ya Unguja na kila mara kikatoka kama tangazo la hoteli, hadi mpiga kinanda mmoja mzee wa kikundi cha taarabu aliponionyesha kitufe kwenye kinanda chake kinachoshusha noti moja moja kwa robotoni. Katika programu utalifanya hilo kwa kushusha sauti ya noti hizo mbili kwa senti 50, kila zinapotokea. Ni kazi ya mikono na inachosha, lakini noti ya E iliyokaa mahali pake inaweza kubeba wimbo mzima bila mapambo mengine.

Ninapofanya kazi najiwekea mipaka miwili. Wa kwanza ni sauti tano kwa wimbo: tatu nilizorekodi, moja ya besi na moja ya kinanda. Wa pili ulikuja kwa nguvu za umeme, ambao katika mtaa wetu hukatika bila taarifa. Betri yangu hukaa saa moja na dakika arobaini, na nimezoea kuuchukulia muda huo kuwa kikao kimoja kamili, hata siku ambazo umeme upo. Ikiisha nasimama. Kesho yake masikio yananiambia mambo ambayo jana usiku yalikuwa yamechoka kuyasema.

Halafu sikiliza wimbo kule utakakosikilizwa. Wasikilizaji wetu wengi wako kwenye simu, kwenye bajaji, kwenye spika ndogo ya kinyozi. Besi ya hezi 50 haisikiki kabisa kwenye spika ya simu, na kama wimbo wako wote umeegemea hapo, msikilizaji atapata ukimya wenye matoazi. Mimi huichafua besi kidogo ili itoe sauti za juu yake, za hezi 100, 150 na 200, na sikio likizipata hizo hujaza lenyewe ile ya chini.

Kuhusu kutunza kazi nitasema kwa ufupi kwa sababu bado inaniuma. Niliwahi kumpa fundi kompyuta yangu ili abadilishe kioo, ikarudi na kioo kizuri na diski tupu, na miezi minane ya nyimbo ikaondoka nayo. Kila faili iwe mahali patatu, na mahali pamojawapo pawe nje ya nyumba yako. Sajili pia kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na usome Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kabla hujasaini karatasi ya mtu yeyote anayekuahidi soko. Niliwahi kusaini nikiwa na furaha, na nyimbo tatu hadi leo si zangu.

Mwaka jana nilirudi Tanga na spika ndogo, nikampigia bibi ule wimbo wa nazi. Aliusikiliza wote, amefumba macho, mkono ukimcheza juu ya goti.

"Hiyo ni mbuzi yangu," alisema. "Lakini nazi ile ilikuwa kavu mno, ilishakaribia kuwa mbata. Ndiyo maana inalia hivyo."

Akamtuma mtoto wa jirani mnazini, akarudi na koroma. Bibi akaketi, akaanza kukuna, na safari hii yeye ndiye aliyenionyesha pa kuweka simu. Koroma lina maji, kwa hiyo mkuno wake ni mlaini na mfupi, hauna ule mlio wa mwisho, na una kishindo kidogo cha chini ambacho nazi kavu haina. Ndio ninaoufanyia kazi sasa, kwenye midundo 96 kwa dakika, na bado sijaukata hata mara moja.