Mbunge Ana Nguvu Gani Mbele ya Uhamiaji?

Safu hii imepokea barua nyingi kutoka Arusha na Moshi zinazouliza kuhusu uraia, vibali vya kuishi na watu wanaoomba hifadhi, na karibu kila moja inamtaja mbunge. Tumechagua tano, tumezifupisha na kuondoa majina.

Habari za kazi, wanangu. Binti yangu ameolewa na Mkenya, wanaishi hapa Moshi na wana watoto wawili. Mbunge alituahidi kwenda Uhamiaji kumwombea mkwe wangu uraia. Ni mwaka wa pili sasa, kimya. Tuendelee kusubiri?
*Mama wa Majengo, Moshi*

Shikamoo mama. Msisubiri, kwa sababu aliahidi kitu kisichokuwa mikononi mwake. Uraia wa kuandikishwa hutolewa na Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi kwa mujibu wa Sheria ya Uraia, Sura ya 357. Mbunge hana mahali pa kuweka sahihi katika maombi hayo.

Mkwe wako anakwama kwenye sheria yenyewe. Kifungu cha 11 kinamruhusu mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa msingi wa ndoa. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hatajwi. Yeye hupita njia ya mgeni yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema na akusudie kuendelea kuishi Tanzania. Akikubaliwa, itampasa aukane uraia wa Kenya, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Familia za mpakani huteleza kwenye hesabu ya miaka. Mwana Afrika Mashariki huingia Holili au Namanga bila viza, akapewa pasi ya hadi miezi 6. Ikikaribia kwisha anavuka, anagonga muhuri mpya na kurudi, huku akiamini kwamba miaka yake inajumlishwa. Pasi ya matembezi si ukaazi. Aanze leo kutafuta hati ya ukaazi au pasi ya mtegemezi, atunze kila karatasi na kila pasipoti iliyojaa, na asiache pengo kati ya kibali kinachokwisha na kinachofuata. Wajukuu wako wasiwape hofu: wamezaliwa hapa na mama Mtanzania, ni raia.

Kwa mbunge wenu, badilisheni ombi. Mwambieni kifungu cha 11 kinasema nini, na kwamba neno “mwanamke” likibadilishwa kuwa “mwenzi wa ndoa” tatizo la mkwe wako na la maelfu ya kina baba wengine linapata njia. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na jinsia imetajwa humo. Hoja hii ina nguvu kuliko ziara kumi za kuomba fadhila ofisini.

Shikamooni. Nimezaliwa Arusha mwaka 1988. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa vijana, na wote wamefariki. Nilipoomba kitambulisho cha taifa niliambiwa mimi si raia. Sijui nchi nyingine. Mbunge anaweza kunisaidia?
*Dada wa Unga Limited, Arusha*

Pole sana dada. Anza na historia ya wazazi. Wakimbizi wa mwaka 1972 wengi waliwekwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na Serikali ilikubali kuwapa uraia watu takriban 162,000 kati yao na watoto wao. Vyeti viligawiwa kwa wingi mwaka 2014. Kama wazazi wako waliwahi kuishi katika makazi hayo, au jamaa zako bado wako huko, omba kwa maandishi Idara ya Wakimbizi itafute majina yenu kwenye orodha. Familia zilizohamia mijini mapema ndizo zilizoachwa nje, na huenda yenu ni mojawapo.

Kama jina halipo, soma kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia. Kinasema kila mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano, siku ya Muungano au baada yake, ni raia wa kuzaliwa. Kisha kinataja wasiohusika: mtoto ambaye hakuna mzazi wake aliye raia na ambaye baba yake ana kinga ya kibalozi, pamoja na hali ya mzazi aliye raia wa nchi adui na kuzaliwa katika eneo linalokaliwa na adui. Mtoto wa mkimbizi hatajwi kati ya hao. Hata hivyo, kwa vitendo mamlaka hudai kwamba angalau mzazi mmoja awe raia. Maandishi ya sheria yanasema hivi, utekelezaji unakwenda vile, na watu kama wewe wanabaki katikati. Tunaliona hili kuwa jambo zito kuliko yote katika barua za mwezi huu.

Majibu ya mdomo yasikutoshe. Omba uamuzi wa kukukatalia uandikwe na utaje kifungu kilichotumika. Kusanya cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, vyeti vya shule, barua ya serikali ya mtaa na viapo vya wazee wanaokufahamu tangu utotoni. Usijaze popote kwamba wewe ni Mrundi ili upate kibali cha haraka. Watu hushauriwa hivyo kwa nia njema, na tamko hilo huja kuwa ushahidi dhidi yao. Tafuta pia wakili au kituo cha msaada wa kisheria mapema.

Mjini kwako iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 22 Machi 2018 iliamua shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Mtu huyu alinyang'anywa pasipoti, akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, akabaki kwenye kipande cha ardhi kati ya mipaka miwili kule Sirari. Mahakama ilisema kwa kuwa alikuwa na hati zilizotolewa na Serikali yenyewe, ni Serikali iliyopaswa kuthibitisha kwamba si raia. Tena iliagiza Tanzania irekebishe sheria zake ili mtu anayebishaniwa uraia wake apate nafasi ya kwenda mahakamani. Mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja katika Mahakama hiyo, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya ya Watanzania.

Kwa sababu hiyo mbunge anakuwa mtu wa maana sana kwako. Hawezi kukuandikia kitambulisho. Anaweza kumsimamisha Waziri bungeni na kumuuliza: kwa nini kifungu cha 5 hakitekelezwi kama kilivyoandikwa, na agizo la mwaka 2018 kuhusu kurekebisha sheria limefikia wapi? Mpelekee maswali hayo mawili pamoja na nakala ya barua ya kukataliwa.

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa pembezoni mwa Moshi. Usiku wanaletwa vijana wasiojua Kiswahili, wengi tunadhani ni Wahabeshi. Mbunge anasema tuwakabidhi polisi, paroko anasema tuwahifadhi. Tumsikilize nani?

Ndugu mwenyekiti, wapeni maji na chakula, halafu toeni taarifa usiku huo huo. Msiwafiche, wala msiwapakie kwenye pikipiki au lori kuwasogeza mbele. Mahakama zimekuwa zikiwahukumu wanaosafirisha wahamiaji haramu faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20, na dereva wa bodaboda aliyelipwa nauli ya kawaida huishia kizimbani pamoja na wenye mtandao.

Lakini taarifa ina namna yake. Miongoni mwao wapo wanaopita kwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, na anaweza kuwepo mmoja anayekimbia kuuawa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu kuingia, kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani (justice of the peace). Kwa hiyo mtendaji ni mlango halali kabisa. Aandike tarehe, saa, majina, na kama kuna aliyesema anaogopa kurudi kwao, maneno hayo yaandikwe na nakala ibaki ofisini.

Kosa kubwa hutokea mahakamani. Kijana anasomewa shtaka la kuingia nchini bila kibali, hakuna mkalimani, anaitikia kwa kichwa, anafungwa kisha anarudishwa kwao, na neno “hifadhi” halikutajwa hata mara moja. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inazuia kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali iwapo ametoka moja kwa moja kule kwenye hatari na amejitokeza bila kuchelewa. Aliyepita Kenya ataulizwa kwa nini hakuomba huko, na ana haki ya kulijibu swali hilo kwa lugha anayoielewa. Mbunge wako akitaka kusaidia, adai bajeti ya wakalimani katika mahakama za mikoa ya mpakani. Hatujasikia hoja hiyo ikipigiwa kelele inavyostahili.

Tena mkumbusheni historia ya kwenu. Machi 1979 Waganda waliomkimbia Idi Amin walikutana Moshi kupanga serikali ya baada yake, na Mei mwaka huo huo Arusha ilipokea mkutano wa Afrika nzima kuhusu wakimbizi.

Nafundisha Uraia, Usa River. Wanafunzi wanauliza: mbunge akitaka kubadili sera ya uhamiaji, anafanya nini hasa, hatua kwa hatua?

Mwalimu, ana njia kadhaa, na kila moja ina kikomo chake. Nyepesi ni swali. Hupelekwa kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge, liwe fupi, lihusu kazi ya waziri husika, na lisihusu shauri lililoko mahakamani. Watu hulisahau sharti hilo la mwisho: ukishafungua kesi, mbunge hawezi kuigusa kesi yako, ingawa anaweza kuuliza kuhusu kifungu kwa ujumla. Baada ya jibu la msingi, aliyeuliza husimama na maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndipo penye uzito. Jibu la msingi limeandikwa wizarani, la nyongeza waziri analitoa palepale, na lote linaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, ambako mwananchi anaweza kulinukuu miaka mitano baadaye.

Njia ya pili ni bajeti. Kati ya Aprili na Juni wizara huleta makadirio yake; ya Uhamiaji yako katika sehemu ya bajeti iitwayo Fungu 93. Mbunge asiyeridhika na maelezo hutangaza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuizuia isipitishwe, na hoja yake hujadiliwa. Mara nyingi huirudisha shilingi baada ya kupewa ahadi. Wafundishe wanafunzi wako kuitafuta ahadi hiyo mwaka unaofuata, kwa sababu wabunge wengi hawaifuatilii, na shilingi iliyorudishwa bila tarehe ya utekelezaji haijabadili kitu.

Nzito ni muswada. Sehemu kubwa ya mabadiliko ya vifungu vya uhamiaji huja ndani ya Muswada wa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambamo sheria kadhaa zisizohusiana hubanwa pamoja. Ukurasa wa uhamiaji unaweza kupita ukiwa umefunikwa na mjadala wa ardhi au kodi. Muswada ukisomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na kamati huita wadau Dodoma kwa taarifa ya muda mfupi. Wa Arusha wanaosubiri barua rasmi huchelewa. Wanaopeleka maoni yao kwa maandishi, kifungu kwa kifungu, huyakuta kwenye taarifa ya kamati. Mbunge naye huandaa jedwali la marekebisho akionyesha maneno yanayofutwa na yanayowekwa. Hotuba kali bila jedwali haibadilishi hata nukta.

Anaweza pia kuleta muswada binafsi. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia kuleta unaotoza kodi au kutumia fedha za Serikali, lakini kubadili neno moja katika kifungu cha 11 hakugharimu hazina, kwa hiyo kizuizi hicho hakimhusu. Usisahau kanuni ambazo Waziri hutunga mwenyewe na kuzitangaza kwenye Gazeti la Serikali, zikiwemo za ada na fomu. Hizo huchambuliwa na Kamati ya Sheria Ndogo, na Bunge linaweza kuzibatilisha.

Anayetaka kumwandikia mbunge atumie ukurasa mmoja: sheria na kifungu kwa namba kutoka Toleo la 2023 la sheria za nchi, tatizo linavyotokea jimboni, maneno mapya anayopendekeza, na nakala ya ushahidi. Ipelekwe ofisi ya jimbo, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na ifike kabla ya Machi ili iwahi vikao vya kamati vya bajeti.

Bunge la Afrika Mashariki liko hapa hapa Arusha. Si twende huko moja kwa moja?
*Kijana wa Njiro*

Kwa mambo ya safari na kazi ndani ya Jumuiya, nendeni. Tanzania ina wabunge 9 wa kuchaguliwa humo, wanaochaguliwa na Bunge la Dodoma, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 ni eneo lao. Lakini Itifaki hiyo imeacha ukaazi wa kudumu kwenye sheria za kila nchi, na wakimbizi imewaelekeza kwenye mikataba ya kimataifa. Uraia haumo. Ombi la mkwe, la dada wa Unga Limited na la mwenyekiti wa mtaa yote yanaamuliwa Dodoma, kwa hiyo barua yenu anzeni kuiandikia ofisi ya jimbo.