Picha za Tingatinga zinauzwa wapi Dar

Picha za Tingatinga usizifuate Mwenge kwenye soko la vinyago, zifuate Oysterbay, pale Morogoro Stores. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mchoraji aliyeanzisha mtindo huu, alikuwa akiuzia picha zake hapo mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya kufariki 1972, na ushirika wa wachoraji waliorithi mtindo wake uko hapohapo mpaka leo. Unawakuta wamekaa chini na makopo ya rangi ya mafuta, unachagua picha hata haijakauka vizuri. Wageni wangu wote nawapeleka huko.

Mwenge ni kwa vinyago vya Kimakonde. Huko kuwa makini kidogo: mti mwingine wowote ukipakwa kiwi unaitwa mpingo. Kishike mkononi kwanza, mpingo ni mzito kweli, hata ukiutia kwenye maji unazama. Picha za Tingatinga zipo Mwenge pia, sikatai, ila huko unanunua kwa mwenye duka, aliyechora humwoni.

Na kote kuwili bei ya kwanza usiikubali. Ukiwa upande wa Mwenge, Kijiji cha Makumbusho, penye nyumba za asili za makabila, kipo jirani, barabara ya Bagamoyo.