Shekhe, kodi ni dhulma? Na nikilipa TRA si nishatoa zaka?

SWALI: Asalam alaykum shekhe. Nina duka Ngamiani hapa Tanga. Kuna ndugu kaniambia kodi ndio ile maks (ushuru) iliyokatazwa kwenye hadithi, kwaiyo kukwepa si dhambi. Ni kweli? Na niliyolipa naweza kuihesabu zaka?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Hadithi ya maks ipo kwa Abu Daud, na wanachuoni wengi wameielezea kuwa ni ule ushuru wa kuwanyang'anya watu mali zao bila haki. Ama hazina ikiwa haina kitu na haja ni ya kweli, akina Ghazali na Shatibi wameruhusu kiongozi achukue kwa wenye uwezo kwa kadiri ya haja, na itumike kwa maslahi ya watu.

Lakini ngoja, kwenye VAT hata usifike kwenye ubishi huo. Mteja ananunua mzigo wa 118,000, ile 18,000 keshailipa yeye, asilimia 18, wewe umeshikishwa tu uifikishe, sasa usipotoa risiti ya EFD, ile mashine ya TRA, ukaitia mfukoni umekula hela ya nani? Si ya serikali tu, umemla na mteja aliyekuamini, na hiyo ni khiyana ya amana wallahi, wala usitafute fatwa ya kuihalalisha.

Najua utaniambia shekhe mbona wanazila huko juu. Wapo, na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila mwaka inasomwa bungeni tunasikia wenyewe. Inauma sana, zahanati haina dawa na hela ilishatoka. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, akarudi anasema hii yenu hii nimepewa zawadi, Mtume akapanda mimbari akauliza kwanini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa. Hiyo inamhusu afisa anayepokea "ya soda" na inamhusu pia anayempa ili apunguziwe makadirio. Wizi wao utawasimamisha wao mbele ya Mungu, wako utakusimamisha wewe. Mdai diwani wako, uliza kwenye mkutano wa mtaa hela zimeenda wapi, hiyo haki unayo.

Zaka hapana. Mafungu yake manane yametajwa Tawba aya ya 60, mishahara ya wizara na lami hazimo. Ila kodi unayodaiwa itoe kwanza, kinachobaki kikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachopasa zaka, na mwaka umepita toa asilimia mbili na nusu. Hesabu ya mzigo wa dukani njoo nayo baada ya Alasiri tukae tuipige.