Re: Waya mnene unatosha kufungia baiskeli mjini?

Mkuu umeuliza kama ule waya mnene wenye kufuli la namba unatosha kuacha baiskeli nje kutwa nzima ukiwa kazini. Hautoshi. Ule unene mwingi ni plastiki tu, ndani kuna nyuzi nyembamba zimesokotwa na mkasi wa kukatia vyuma unazimaliza kwa sekunde chache, mwizi hata jasho hatoki. Tafuta kufuli la chuma kigumu lenye umbo la U, halafu hapa ndo wengi wanachemka, wanafunga tairi la mbele peke yake, jamaa anakuja anachomoa tairi anakuachia hilo na kufuli lako anasepa na baiskeli. U ipite kwenye fremu pamoja na ringi ya nyuma na hicho chuma unachofungia, nacho kiwe kimechimbiwa kweli, kitikise kwanza, na kisiwe kifupi kiasi kwamba baiskeli inanyanyuliwa juu inatoka na kufuli lake. Nafasi ndani ya U ibaki ndogo, ikiwa kubwa anaingiza jeki anaitanua. Huo waya wako usiutupe, upitishe kwenye tairi la mbele, hasa kama ni lile la kufungua kwa mkono bila spana. Siti nayo ukiweza panda nayo ofisini, watacheka ila poa tu.

Na leo leo igeuze baiskeli, chini ya fremu usawa wa pedeli mara nyingi kuna namba imegongwa, ipige picha. Ikiibiwa bila hiyo namba kuthibitisha kuwa ni yako ni kazi kweli.