Tumbawe limekufa na vipimo viko sawa: maswali yenu wiki hii

Meseji zimejaa na karibu zote ni wimbo mmoja, samaki wako fiti, maji yanapima vizuri, lakini matumbawe yanaondoka moja moja na mwenye tenki la maji ya bahari nyumbani hajui amuulize nani. Nimechukua saba. Mimi sina digrii ya mambo ya bahari, nina tenki la lita 300 hapa Mombasa na ndoo nzima ya mifupa ya Acropora, yale matumbawe magumu ya matawi, iko nyuma ya nyumba, hiyo ndiyo shule yangu.

Nimepoteza Acropora tatu ndani ya wiki mbili. Chumvi 35, joto 25, alkali 8, kalsiamu 420. Kila kitu kiko pale pale kinapotakiwa. Nimekosea wapi? (Nairobi)

Kaka, kabla sijakujibu, hiyo chumvi 35 (gramu kwa kila kilo ya maji) umeipima na nini?

Nakuuliza kwa sababu mimi nilikaa miezi na refraktomita, kile kifaa cha kuchungulia cha kupimia chumvi, inayosema 35 kila nikichungulia. Nilikuwa naiseti kwa maji ya RO, yaani yaliyochujwa hadi hayana chumvi, mstari unakaa kwenye sifuri, nafurahi, naenda zangu. Na Euphyllia zangu, matumbawe yenye mikono laini, zinakonda tu kila wiki, zimelegea kama soksi iliyolowa, mimi nanunua dawa, nabadilisha taa, nalaumu duka. Siku moja jamaa akaja na kichupa cha maji ya kusetia ya 35, tukadondosha tone moja, tukaangalia kwenye mwanga wa dirisha: 31. Yaani nilipokuwa nasoma 35, tenki lilikuwa karibu 39! Kifaa kinaweza kusema kweli kwenye sifuri na kudanganya huko juu, kwa hivyo kiseti kwa maji ya 35, maana huko ndiko unakopima kila siku. Halafu zingine zimetengenezwa kwa maji ya chumvi ya kawaida ya viwandani wala si ya bahari, hizo hukosea kama 1.5 hivi hata zikiwa mpya kabisa. Mimi nilishusha pole pole kwa siku kumi, kila siku natoa maji kidogo ya tenki naweka ya RO, ningeshusha kwa siku moja ningemalizia yale yaliyobaki.

Ukishajua kipimo kinasema kweli, ndio twende kwa alkali, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, inapimwa kwa dKH. Namba moja ya 8 hainiambii kitu. Pima saa ile ile siku tano mfululizo uandike kwenye daftari, maana Acropora inaweza kuishi kwenye 7 na inaweza kuishi kwenye 9, kinachoiua ni kupelekwa huku na huku. Na umebadilisha aina ya chumvi hivi karibuni? Kuna chumvi ukikoroga inakupa 7 au 8, nyingine inakupa 11 hadi 12, ukibadilisha robo ya maji na hiyo ya pili alkali inaruka mchana mmoja na wewe hujui, ukija kupima baada ya siku nne imeshuka tena unaona 8 unasema mbona sawa. Ukitaka kuipandisha au kuishusha usizidi 1 kwa siku.

Na usiangalie wiki hii peke yake. Tumbawe linaloonyesha leo mara nyingi limepigwa wiki mbili tatu zilizopita, fungua daftari urudi nyuma. Huna daftari? Hilo ndilo kosa la kwanza basi.

Kamba wangu wawili walikufa usiku mmoja, kesho yake samaki mmoja, siku ya tatu matumbawe laini yakajikunja. Sijabadilisha maji mwezi mzima. (Kilifi)

Pole sana dada. Hapa angalia nani alitangulia. Kamba na kaa wakianza kufa kabla ya matumbawe, mimi siangalii alkali hata dakika moja, mimi naangalia sumu.

Na nyumba za pwani sumu namba moja ni dawa ya mbu ya kupuliza. Zile dawa nyingi ni za ukoo wa pareto, zimetengenezwa kuua wadudu, na kamba kwa maumbile yake ni jirani wa mdudu, kwa hivyo kiasi kidogo tu kinamtosha. Unaweza kusema sikupulizia tenki. Sawa, lakini pampu ya hewa na skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu) zinavuta hewa ya chumba usiku kucha na kuipiga ndani ya maji! Kwangu shangazi alikuja kulala, mkono wake mzito, akapuliza sebule nzima akafunga madirisha, asubuhi mbu hakuna na kamba hakuna. Sikumwambia kitu, nimwambie nini.

Fanya hivi leo: fungua madirisha, weka kaboni mpya ile nyeusi ya kuchujia na uhakikishe maji yanapita ndani yake, badilisha maji asilimia 30, kesho kutwa rudia. Uliza watu wote wa nyumbani, na msichana wa kazi pia, nani alipuliza nini, nani alipaka jeli ya mbu mkononi akalisha samaki, nani alisafisha kioo kwa dawa ya madirisha.

Wakikataa wote, zima pampu za mawimbi utoe sumaku moja moja uziangalie. Sumaku ikipasuka ile plastiki yake, kutu inatoka taratibu na metali zingine zinatoka nayo, utaona doa la rangi ya chungwa na ukisugua kidole kinachafuka. Angalia na klempu za mabomba, shaba ikiingia kwenye tenki la matumbawe hapo huna tena. Kama una uwezo, peleka maji maabara kwa kipimo cha ICP, ndicho kinachoonyesha metali, vile vikopo vya matone havionyeshi.

Niko Abu Dhabi. Matumbawe ya bahari ya hapa yanaishi kwenye maji ya moto, mbona yangu yalipauka AC ilipoharibika siku mbili tu? (Abu Dhabi)

Kwa sababu yako si ya hapo ndugu yangu. Ya Ghuba yamezoea, kiangazi maji yanapita 34 na bado yako hai, ingawa hata hayo 2017 yalipigwa vibaya. Ya dukani mengi yanatoka Indonesia na Australia au yamekuzwa kwenye matenki ya 25, ukiyapeleka 31 ghafla yanatapika ule mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake na kuyapa rangi na chakula. Ndio kupauka huko. Sisi wa pwani ya huku tuliiona kwa ukubwa wake 1998 mwaka wa El Niño, mwamba mzima mweupe.

Ila kupauka si kufa, na hapa watu wengi wanatupa tumbawe ambalo lingepona. Chukua tochi, angalia kwa karibu: kama kuna ngozi nyembamba inayoonekana kama kioo juu ya mfupa na vimaua (vile vinywa vidogo vya tumbawe) bado vinatoka usiku, liko hai lina njaa. Punguza mwanga, maana taa kali ndiyo inalimalizia, lilishe chakula kidogo kidogo, rudisha joto taratibu hadi 25 au 26. Feni juu ya maji inashusha digrii mbili tatu kama hewa ni kavu, kwenye unyevu wa Agosti haisaidii sana, huko kwenu nunua chila tu, ile mashine ya kupoza maji. Na feni inakausha maji, jazia maji ya RO yasiyo na chumvi, maana kinachopaa ni maji, chumvi inabaki.

Je, naweza kutumia magadi kupandisha alkali? Dawa za dukani bei zake ni noma. (Nakuru)

Hapana. Najua magadi yako karibu na wewe na najua ni rahisi, lakini yanakuja na vitu vingine ndani, floraidi ikiwemo, hujui unaweka nini. Nenda supamaketi rafu ya vitu vya keki uchukue baking soda ya kawaida, na usome pakiti isiwe beking pauda, hiyo ina asidi na wanga ndani. Gramu 3 zinapandisha lita 100 kwa 1. Kwa hivyo tenki la lita 200 ni gramu 6, kijiko cha chai kimoja na kidogo juu, ikoroge kwanza kwenye maji ya RO kisha mimina pole pole penye mkondo. Umeona? Hiyo dawa ya bei ya noma nyingi ni hii hii imewekwa rangi.

Maji yangu ni masafi sana, naitreti 0, fosfeti 0, lakini matumbawe yamefifia na kwenye mchanga kuna kitu cha kahawia kama kamasi chenye vipovu. (Dar)

Usafi umezidi kaka. Matumbawe nayo yanahitaji naitreti na fosfeti kidogo kama chakula, ukiyanyima yanafifia, na hiyo kamasi ya kahawia inanukia dinoflajelati, aina ya mwani mdogo sana, wao wanapenda tenki lenye sifuri kwa sababu hakuna mwani mwingine wa kushindana nao. Mtu akiiona anakimbilia kubadilisha maji zaidi na kuongeza dawa ya kuondoa fosfeti, hapo ndio anawalisha. Toa hiyo dawa. Skima izime nusu siku, samaki walishwe vizuri mara mbili, subiri naitreti ifike 5 hadi 10 na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Itachukua wiki kadhaa na kwa muda tenki litakuwa baya, wageni wakija zima taa.

Linaanza kuwa jeupe chini kwenye shina halafu linapanda. Nimeona minyoo yenye manyoya inalila usiku, nimeitoa yote bado linaendelea. (Minneapolis)

Umefunga asiye na hatia! Ile minyoo ya manyoya mara nyingi inakuja mazishini kula kilichokufa tayari, haikuua.

Swali ni linapanda kwa kasi gani. Kama asubuhi ni kidole kimoja na jioni ni nusu ya kichaka, nyama inabanduka kama karatasi iliyolowa, usipoteze muda kutafuta sababu. Chukua koleo, kata sentimita moja au mbili juu ya mstari mweupe ndani ya nyama nzima, bandika vipande sehemu tofauti, shina tupa. Nimewahi kuokoa vipande vitano kati ya saba hivyo, na nimewahi kuokoa sifuri.

Kama linapanda kwa wiki, tafuta wadudu. Zima taa kwa muda wa saa tatu nzima, rudi na tochi na lenzi. Kwa Acropora ni minyoo bapa, rangi yake inafanana na tumbawe huwezi kuiona hata ukiikodolea macho, utaona alama za kuumwa za mviringo na mayai ya kahawia kwenye mfupa karibu na shina. Kwa Montipora, tumbawe gumu lingine, geuza chini uone vikonokono vyeupe visivyo na gamba, vidogo kama punje ya mchele. Ogesha kwenye dawa ya kuogeshea matumbawe, lakini dawa haiui mayai, lazima uyakwangue kwa mkono na urudie kila siku tano hadi saba mpaka mizunguko kadhaa ipite bila kuona kitu. Kuogesha mara moja ni kuwapa likizo tu.

Nachota maji baharini bure, na mawe na vipande vya matumbawe navyo viko tele. Kuna ubaya? (Likoni)

Maji chota, ila si wakati wa masika na si karibu na mkondo wa kivuko wala mdomo wa mto, mvua inashusha chumvi na kuleta uchafu wote wa mji. Ngoja bamvu, maji yakiwa yanajaa, uende upande wa bahari kuu. Chuja, yaweke gizani kwenye mapipa yaliyofunikwa na pampu inazunguka, pima chumvi kila pipa, usiamini kwa kuwa ni ya bahari.

Matumbawe acha pale pale. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na ndani ya hifadhi kama Kisite au Watamu hata kuokota ni kesi, na hakimu hatakuuliza alkali yako ilikuwa ngapi. Na jiwe lenye zoa (matumbawe laini madogo kama vifungo) usilichemshe jikoni kulisafisha, mvuke wake una sumu iliyolaza watu hospitali familia nzima. Vaa glavu, lichomoe zoa nje ya nyumba.