Kimbunga kikija, binti yangu akimbie au abaki?

SWALI: Dada, salaam aleikum. Binti yangu ni muuguzi Houston, Marekani, anakaa huko na wajukuu zangu wawili. Nimesikia kwamba mwaka 2017, Kimbunga Harvey kilipokuja, meya aliwaambia watu wabaki majumbani, kisha mji ukafurika. Huo si uzembe? Kikija kingine nimwambie akimbie mapema?
Mama wa Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mwaka ule nilikuwa Houston, ghorofa ya pili, upande wa kusini-magharibi. Nami nilimlaumu meya Sylvester Turner, mpaka jirani yangu mzee aliponisimulia Kimbunga Rita cha 2005. Watu zaidi ya milioni mbili waliingia barabarani kwa pamoja, petroli ikawaishia juani. Basi la wazee lilishika moto karibu na Dallas, wakafa 23. Pale Texas, jimbo lenye Houston, safari ya kukimbia iliua wengi kuliko Rita yenyewe.

Harvey kilitua Rockport, mji wa pwani mbali nasi, tarehe 25 Agosti. Houston ilipata mvua, siku nne, na hakuna aliyejua mtaa upi utazama. Kuwamwaga mamilioni barabarani usiku ule kungekuwa kuwapeleka majini. Kwa hilo simlaumu tena.

Kinachoniuma mpaka leo ni watu wa karibu na Addicks na Barker, mabwawa ya kuzuia mafuriko magharibi mwa mji. Wengine walikuwa wamenunua nyumba ndani ya eneo ambamo maji hutanda bwawa likijaa, na hawakujua. Wa upande wa chini ya mabwawa nao walifurika maji yalipofunguliwa tarehe 28. Hao walistahili kuambiwa miaka mingi kabla.

Namba ya dharura, 911, ilizidiwa na simu. Ed Emmett, kiongozi wa kaunti, akaomba wenye boti wajitokeze, na wakaja kweli, wavuvi na wawindaji bata. Ukumbi wa mikutano wa George R. Brown uliandaliwa kuhifadhi watu 5,000 waliokimbia maji, ukapokea karibu mara mbili. Nilikwenda kukalimani. Mama mmoja Mkongo, amelowa mpaka kilemba, alinishika mkono akasema, "Mama, maji iliingia mu nyumba yote." Tangu aokolewe alikuwa hajapata wa kumwelewa.

Kwa hiyo mwambie binti yako hivi. Akiwa kwenye ukanda wa pwani unaoamriwa kuhama, aondoke saa ileile, kwani bahari ikipanda haisubiri. Asipoamriwa, abaki, apande ghorofani. Maji yakimfuata, atoke juu ya paa. Asijifungie darini bila shoka la kutobolea. Na asiendeshe gari kwenye maji hata kwa sababu ya zamu hospitalini: sajenti mmoja wa polisi alizama garini alfajiri akienda kazini.

Muulize leo nyumba yake iko karibu na bwawa gani, au mto gani. Akisema hajui, niandikie tena.