Hata kizazi cha tatu na cha nne

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni kifungu gani cha Biblia kilichowahi kukupa shida, nawe ulikifanyaje?"

Changu ni Kutoka 20:5. Kimo ndani ya Amri Kumi, na nilikikariri nikiwa darasa la kipaimara, nikakitamka mbele ya mchungaji bila kusitasita. Hakikunisumbua hata kidogo. Shida ilianza miaka mingi baadaye, siku niliposomewa na mtu mwingine.

Mtoto wetu wa pili alipokuwa na miezi tisa, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba vikawa kama ndizi kisukari. Alilia usiku kucha. Tulizunguka na dawa za maji na za kuchua, mpaka tulipofika hospitali akapimwa damu. Tukaambiwa ni selimundu, ule ugonjwa ambao mtaani tunauita sikoseli: chembe nyekundu za damu hujikunja zikawa na umbo la mundu, zinaziba mishipa midogo, na mtoto anaumia mpaka kwenye mifupa.

Wiki hiyohiyo jirani yangu, kwa nia njema kabisa, alinipeleka kwenye ibada ya kufunguliwa. Mtumishi aliyekuwa akiombea watu alinihoji habari za ukoo. Upande wa baba kuna nani, upande wa mama kuna nani, nani aliwahi kushika tunguri. Nikasema kweli. Babu mzaa mama alikuwa mganga kule Magu, tena mganga wa kujulikana. Mtumishi akafungua Biblia akasoma kwa sauti: "nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne." Kisha akahesabu kwa vidole vyake mbele yangu. Babu, mmoja. Mama yako, wawili. Wewe, watatu. Akakigusa kichwa cha mtoto. Wanne.

Hesabu ilitimia, nami sikuwa na la kujibu.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe wangu si mtu wa maneno, na hakunitukana hata siku moja. Aliacha tu kumbeba mtoto.

Nilifunga siku 21. Nilikesha. Niliambiwa dawa ni dalili ya shaka, kwamba huwezi kumwomba Mungu kwa mkono mmoja na mkono mwingine umeshika vidonge. Basi vidonge vya foliki na penisilini ya maji nikaviweka juu ya kabati. Wiki ya tatu mtoto alipauka viganja, macho yakawa ya manjano, akawa anahema kama aliyekimbia mlima. Aliongezewa damu saa nane usiku. Yule mtumishi ana lake la kujibu, lakini mkono ulioweka dawa juu ya kabati ulikuwa wangu, na hilo nimelikiri mbele ya mume wangu na mbele ya Mungu.

Baada ya hapo sikuweza kuomba tena. Watu wakisema "kupoa kiroho" hufikiri mtu ameacha kanisa, amerudia disko. Mimi sikukosa Jumapili hata moja. Nilisimama kwenye kwaya, sauti ya kwanza, safu ya mbele, mdomo ukifunguka na kufumba. Ndani hakukuwa na mtu. Nikifumba macho nilimwona Mungu kama mdai aliyekuja na daftari la madeni ya marehemu, akipita mlango kwa mlango kwa wajukuu. Utamwambia nini mtu wa namna hiyo? Unajificha.

Aliyenitoa mafichoni si mwanatheolojia. Mume wangu anauza dagaa, na husoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Usiku mmoja aliichukua Biblia yangu akakaa nayo chini ya taa muda mrefu, kisha akaniita. "Mama watoto, hapa hamkumaliza. Mstari unaendelea. Kizazi cha tatu na cha nne 'cha wanichukiao.' Sasa wewe ulianza kumchukia Mungu lini?"

Nikamjibu kwa hasira: "Tangu mwezi uliopita."

Akacheka. Hatukuwa tumecheka ndani ya ile nyumba tangu vidole vya mtoto vivimbe. Nikacheka na mimi, halafu nikalia mpaka nikalala.

Ni neno moja tu, "wanichukiao," lakini mtumishi alilikata kama anayekata mkia wa samaki. Na aya inayofuata hakuigusa kabisa: "nami nawarehemu maelfu elfu wanipendao." Kumbukumbu la Torati 7:9 yasema vizazi elfu. Weka kwenye mizani vizazi vinne upande mmoja, elfu upande wa pili, uone aya imeegemea wapi.

Tangu siku ile nilisoma kama mtu aliyepoteza funguo. Nikakuta Kumbukumbu la Torati 24:16, kwamba watoto wasiuawe kwa ajili ya baba zao. Nikamkuta mfalme Amazia katika 2 Wafalme 14: watumishi walimuua baba yake, naye alipopata nguvu aliwaua wauaji lakini watoto wao akawaacha hai, kwa sababu ya sheria hiyohiyo iliyoandikwa. (Amazia mwenyewe si wa kumwiga sana, endelea na sura utaona kiburi kilivyomponza.) Kisha nikafika Ezekieli 18, nikakaa hapo karibu mwezi mzima.

Ezekieli alikuwa mateka. Aliishi kando ya mto Kebari, nchi ya Babeli, miongoni mwa watu waliohamishwa pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Watu wale walikuwa na methali yao: "Baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi." Yaani sisi hatuna kosa, tunalipa ya wazee. Na sisi tunazo za namna hiyo. Nani hajasikia "mtoto wa nyoka ni nyoka"? Kilichonishangaza ni kwamba Mungu anaipiga marufuku methali. Anasema hamtaitumia tena katika Israeli. Na akaeleza sababu: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake."

Lakini sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba hapo kila kitu kilinyooka. Fungua Maombolezo 5:7 usikie watu walewale wakilia kwamba baba zao walitenda dhambi, hawapo tena, nao wameyachukua maovu yao. Vyote viwili vimo katika Biblia moja, na hakuna aliyethubutu kufuta kimoja. Mimi nimevipokea hivi. Kuumia kwa sababu ya kosa la baba, hilo naliona mtaani kwetu kila siku: mlevi anakunywa ada ya shule, mtoto anafukuzwa darasani. Nyumba za kale ambamo babu, wana, wajukuu na vitukuu walikula chungu kimoja, kosa la mkubwa liliwaangukia wote mpaka wa nne. Kuhukumiwa kwa kosa la baba ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo Ezekieli analolikataa. Kama kuna msomaji mwenye maelezo mazuri zaidi, ayalete.

Wakati huohuo kliniki nayo ilinifundisha. Nesi mmoja alichukua karatasi ya dawa, akaigeuza, akachora visanduku vinne. Ugonjwa huu, akasema, mtoto anaupata pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba kinasaba chake, yaani kile ambacho mtoto hurithi kutoka kwa mzazi, hata kama wao wenyewe ni wazima. Kwa kila mimba nafasi ni moja kati ya nne. Niliibeba ile karatasi nikampelekea mama mkwe. Aliitazama sana. Akauliza, "Kwa hiyo na kwetu kimo?" Nikasema ndiyo mama, na kwenu kimo. Hakusema kitu. Jioni alimchukua mtoto akamfunga mgongoni kwa kanga.

Na kuna jambo jingine ambalo natamani yule mtumishi angelijua. Daktari Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya, alitoa mwaka 1954 utafiti alioufanya huku kwetu Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu, sio viwili, ana kinga kubwa zaidi dhidi ya malaria. Ndiyo maana kimeenea sana sehemu zenye mbu, kama hizi za kando ya Ziwa Victoria. Huenda babu yangu yule mganga aliponea utoto wake kwa damu hiyohiyo ambayo leo inamtesa kitukuu chake. Sisemi kwamba ni baraka. Mtu aliyekesha na mtoto anayelilia mifupa hawezi kutamka hivyo. Nasema tu kwamba lilipoitwa laana, aliyeita hakuuliza.

Wengi hunipa Yohana 9. Wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu, na Yesu anasema si huyu wala wazazi wake. Naipenda aya hiyo, japo sehemu ya pili, "bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake," ilinikwama kooni. Mtoto aumizwe miaka yote awe ubao wa matangazo? Mchungaji wetu alinieleza kwamba maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na nukta na mikato kama yetu, na kwamba wapo wanaoisoma kwa kuiunganisha na mstari unaofuata: ili kazi za Mungu zidhihirishwe, imetupasa kuzifanya kazi zake maadamu ni mchana. Sijui Kigiriki. Ila naona kwamba Yesu hakuendelea kujadili chanzo, alitema mate, akafanya tope.

Kilichonirudisha kwenye maombi ni Zaburi 88, na niliipata kwa bahati. Nilikuwa natafuta zaburi ya faraja nikafungua pasipo. Zaburi nyingi za kilio huishia kwa sifa, utadhani mtu alifutwa machozi kabla ya beti la mwisho. Hii haigeuki. Inaanza kwa kulia mchana na usiku, inaishia "nao wanijuao wamo gizani," basi. Hakuna haleluya. Nikaisoma yote kwa sauti jikoni, na lilikuwa ombi langu la kwanza baada ya miezi saba.

Baadaye ndipo nilipotazama juu ya zaburi, pale kwenye maandishi madogo tunayoyarukaga. Zaburi ya wana wa Kora. Kora ni yule aliyemwasi Musa katika Hesabu 16, ardhi ikafunua kinywa ikammeza. Ukisoma sura hiyo peke yake utasema ukoo uliisha siku ile. Nenda mbele sura kumi, katikati ya orodha ndefu ya majina ambayo hakuna mtu huisoma kanisani, 26:11, utakuta maneno machache yaliyoachwa hapo kama senti iliyodondoka: wana wa Kora hawakufa.

Hawakufa. Wakazaa, wakawa waimbaji wa hekalu. Kizazi cha mtu aliyeshuka shimoni akiwa hai ndicho kilichowekewa jina juu ya zaburi ya mtu aliyehesabiwa pamoja na washukao shimoni. Mimi ni mwanakwaya, nalijua joho na nalijua jukwaa. Hakuna aliyewaambia hao, kwanza mvunjiwe laana ya ukoo ndipo mpande jukwaani.

Kijana wetu sasa ana miaka 13. Dawa anakunywa kila siku, maji tunamkazania, baridi ya Juni na Julai tunaiogopa. Siku nyingine yuko uwanjani, siku nyingine wodini. Namwombea uponyaji bado, na vidonge viko mezani, karibu na chumvi.

Kifungu kimoja sijakipatia njia mpaka leo, nacho ni 2 Samweli 12. Daudi ametenda dhambi, na anayepigwa ni mtoto mchanga. Siku saba baba analala chini bila kula, na siku ya saba mtoto anakufa. Hata jina lake halikuandikwa. Nimesoma maelezo ya watu waliosoma kuliko mimi, na kila mara nabaki na mtoto mkononi.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu kuongoza jumuiya, na ratiba ilituangukia sura hiyo. Nilifika mstari wa 15, pale panaposema Bwana akampiga mtoto, nikafunga Biblia juu ya kidole. Nikawaambia wenzangu, hapa sina la kuwafundisha, sipaelewi, na pananiuma. Tukakaa kimya. Mzee mmoja alikohoa. Kisha mama mmoja anayekaa siku zote karibu na mlango, mtu tuliyesali naye miaka mingi, akaanza kutuambia habari za binti yake wa kwanza, jina lake, rangi ya gauni alilozikwa nalo. Hakuna aliyewahi kujua kwamba alikuwa naye.

Somo hatukulimaliza siku ile.

Mama wa watoto watatu, Mwanza